Kutafuta ukoo wako ukiwa mtu wa Tanga, uanzie wapi na upitie wapi

Wengi wakitaka kujua ukoo wao wanaanza na swali la "sisi tunatokana na nani mkubwa", wanataka wafike moja kwa moja kwa chifu au kwa sharifu fulani, halafu wanakwama njiani kwa sababu hata mama yake babu hawamjui jina. Ukoo unapandwa kutoka chini. Jiandike wewe, baba na mama, babu na bibi wote wanne, halafu wazazi wa hao wanne ambao ni wanane. Hapo kwenye wale wanane ndo utaona mapengo, na ukiangalia vizuri mapengo mengi ni ya wanawake, yaani tunakariri fulani bin fulani bin fulani mpaka jina la sita lakini mama zao hamna hata mmoja. Hayo mapengo ndo kazi yenyewe.

Nunua kauntabuku, kila mtu mpe ukurasa wake. Jina lote, jina la utani, mtoto wa nani na nani, kazaliwa wapi, kaoa au kaolewa na nani (ndoa zote, msifiche ndoa), watoto wote hata waliokufa wachanga, kazikwa wapi. Chini ya ukurasa andika nani kakwambia na lini. Watu wanaruka hiyo ya mwisho, halafu mwakani shangazi anasema hivi na baba mdogo anasema vile na wewe hukumbuki la nani ni lipi. Wakipishana usichague, andika yote mawili na majina yao.

Sasa kwa familia za Kiislamu kuna kitu kipo ndani ya nyumba na watu hawajui kama ni hazina, ile karatasi ya majina ya marehemu inayosomwa kwenye hitma. Kila ukoo una mtu anayeitunza, mara nyingi ni shangazi au bibi mdogo, imekunjwa mpaka mikunjo inataka kukatika, imenakiliwa kutoka karatasi nyingine ya zamani, na kuna majina yameongezwa pembeni kwa kalamu tofauti. Majina yale hayajapangwa kwa tarehe lakini yana mpangilio wake, wazee wanatangulia, mke anamfuata mume, watoto waliokufa wadogo wako pamoja. Piga picha pande zote mbili, halafu kaa na mwenye karatasi mpite jina moja moja, huyu nani, huyu alikuwa nani kwako. Karatasi moja inaweza kukupa wanawake ambao hutawapata kwenye ofisi yoyote. Kwa walio na matambiko ni hivyo hivyo, mzee anayeita mizimu anaita kwa mpangilio, omba ruhusa kabla ya siku ile, usitoe simu tu ukaanza kurekodi.

Kuhusu kuongea na wazee. Nenda asubuhi wakati hawajachoka, shikamoo zako ziwe kamili, chukua na sukari au sabuni kama ilivyo kawaida, na usianze na kauntabuku. Mwache aongee. Swali la "ulizaliwa mwaka gani" litamfunga mdomo, muulize "bibi, mlipohamia hapa nani alikuwa keshazaliwa", "mama yako alitolewa mahari ya nini". Hili la mahari ni zuri sana kwa sababu akikwambia ililipwa kwa rupia basi ndoa ile ni ya zamani za Mjerumani au mwanzo kabisa wa Mwingereza, maana shilingi imeingia miaka ya mwanzo ya 1920. Vita ya kwanza pia inasaidia, kwa Tanga mjini ni Novemba 1914, ile ambayo Waingereza na Wahindi waliokuja na meli walishindwa na Wajerumani na askari wao, na nyuki nao wakawauma, na mji ukachukuliwa na Waingereza 1916. Operesheni vijiji ni miaka ya sabini katikati. Mtu akisema alikuwa anachunga mbuzi wakati wa tukio fulani unajua alikuwa na umri gani kwa makadirio, andika "kama 1935" na usimtungie tarehe.

Majina yasikuhadae. Kwetu jina la tatu ni la babu, kwa hiyo linabadilika kila kizazi, ndugu wa baba mmoja wanaweza kuwa na ukoo tofauti kwenye vitambulisho kwa sababu mmoja shuleni aliandikwa jina la babu na mwingine lile la mlango, yaani tawi la ukoo. Dini nayo haionekani kwenye jina, Shaaban Robert mzaliwa wa Vibambani 1909 alikuwa Mwislamu na jina la baba yake ndo hilo Robert. Na kwa Wadigo usisahau kwamba zamani urithi ulipita kwa mjomba, kwa hiyo ukifuata baba peke yake utakosa nusu ya habari, fuata na mama wa mama wa mama.

Baada ya midomo njoo kwenye makaratasi. La kwanza ni faili la mirathi mahakama ya mwanzo, watu hawalifikirii kabisa, lakini ndani kuna orodha ya warithi na uhusiano wao na marehemu, na mara nyingine mgogoro mzima wa shamba la minazi unaotaja mpaka babu wa babu. Uwe na jina la marehemu na mwaka alokufa angalau kwa kukisia. La pili ni vitabu vya ubatizo na ndoa. Wabondei wengi wana Magila pale Msalabani, Muheza, wamisheni wa Kianglikana wa UMCA wako pale toka karne ya 19, na Usambara Walutheri walianzia Mlalo 1891. Kitabu cha ubatizo kinaweza kukupa jina la mzazi ambaye hakubatizwa, ambalo ndo la zamani. Nenda na barua ya utambulisho, muone padri au mchungaji kwanza, na usiende Jumapili. Vyeti vya kuzaliwa na vifo ni RITA, wakala wa serikali wa usajili, lakini wazee wetu wengi hawakusajiliwa kwa hiyo usikate tamaa ukikosa. Kumbukumbu za Mjerumani na Mwingereza ziko Nyaraka za Taifa Dar, hizo ziache mpaka uwe na jina na kazi maalumu, kama babu alikuwa akida, karani, askari au mwalimu.

Makaburi msiyasubirishe. Nenda na mzee anayejua, piga picha kila jiwe na uandike nani kalala kulia na nani kushoto, maana makaburi mengi ya mashamba yalibaki nyuma watu walipohamishwa vijijini na sasa ni vichaka.

Nije kwenye wakubwa, maana najua ndo wengi wanakotaka kufika. Kila mtu wa Usambara anataka kuwa Mkilindi wa Vuga, yaani wa ukoo uliotawala Usambara, na ukweli ni kwamba inawezekana! Mbega alitoka Ngulu akapewa utawala Vuga, na kuwa kitukuu au kilembwe wa Wakilindi si jambo la kushangaza kwa sababu mtawala wao Kimweri ye Nyumbai, alokufa 1862, aliwaweka watoto wake kila pembe kama watawala, mpaka Bondei. Kwa hiyo damu ilisambaa mno. Lakini baada ya kifo chake wanae na wajukuu walipigana, kina Semboja wa Mazinde na Shekulwavu, na Wabondei wakawaasi Wakilindi wakawafukuza, kwa hiyo kuna koo zilizoficha Ukilindi kwa usalama na nyingine zimeupata baadaye kwa sababu ni heshima. Abdallah bin Hemedi aliandika habari zao kwa Kiswahili zaidi ya miaka 100 iliyopita na majina yamo mengi, tafuta nakala, ila ushikanishe kutoka chini, usishuke kutoka kwa Mbega ukajipachika. Dai la Ushirazi, yaani kwamba mababu walitoka Shirazi Uajemi, nalo ni hivyo hivyo, magofu ya Tongoni karibu na Tanga yapo na makaburi yake ni ya karne nyingi, lakini kaburi la Tongoni haliwi la babu yako mpaka uwe na majina yote ya katikati.

Na kama babu alikuja kukata mkonge, usione ukoo wako ni mfupi. Manamba walitoka Kigoma, Songea, Njombe, Burundi, Msumbiji, wengine wakaandikishwa kwa majina ambayo si yao. Tafuta jina la shamba na kambi, kabila lake, na kama kuna mtu ana kipande chake cha zamani, ile kadi ya kazi, usikikunje wala kukitia gundi, kipige picha. Halafu waulize wazee wa kambi ile nani alikuja naye kundi moja, maana walotoka kijiji kimoja walikaa pamoja, na huyo mwenzake wajukuu zake huenda wanajua kijiji kule kwao hata kama nyie mmeshakipoteza.

Msidhani umbali unafuta kila kitu. Wazigua waliochukuliwa utumwani wakati wa njaa karne ya 19 wakapelekwa Somalia wakakaa bonde la mto Juba, wakashika lugha na hadithi za walikotoka, na vita ya Somalia ilipoanza 1991 wengine wakarudi Tanga kama wakimbizi, leo wako Chogo, Handeni, na Wazigua wa huku wakawaelewa wanaposema. Kizazi baada ya kizazi, bila karatasi hata moja. Mimi hili hunipa nguvu sana kila nikiona mtu anasema "kwetu hakuna historia".

Utumwa huo utaukuta na wewe, pwani yetu ya Pangani na Tanga hakuna ukoo mkubwa usioguswa, na kisheria Tanganyika uliondolewa 1922 tu, yaani mama wa bibi yako angeweza kuwa alizaliwa ndani yake. Mzee akinyamaza ghafla au akisema "alilelewa hapa" au "alikuwa mtu wa nyumba ile", usimbane. Muulize peke yake siku nyingine, andika alichokubali kusema, na usikipeleke kwenye grupu la wasapu la ukoo mpaka mwenyewe aruhusu, maana kuna ndoa zinavunjika na watoto wanasimangwa kwa maneno haya mpaka leo. Lakini huyo aliyekuwa mtumwa, kwenye kauntabuku muweke. Jina lake, alikotoka kama panajulikana, watoto wake. Naye ana ukurasa mzima kama wengine.

Ukishajaza vizazi vinne piga nakala, moja kwa shangazi mwenye karatasi ya hitma, moja kwa upande wa mama, na picha zote ziweke kwenye flashi mbili nyumba mbili tofauti. Nakala za kwanza ziwe na nafasi tupu za kutosha, wazee wakiona jina limekosewa wataita wenyewe.