Ukishuku kwamba Krimu ya Kung'arisha Ngozi Imekutia Sumu ya Zebaki

Iwapo umekuwa ukijipaka krimu iliyonunuliwa kibandani River Road, jijini Nairobi, na sasa vidole vinatetemeka unapomimina chai, usingizi haupatikani na mkojo unatoa povu jingi, acha kuipaka leo hii, kwa maana zebaki huenda imeanza kudhuru neva na figo. Usilitupe kopo, lifunike barabara, uende nalo hospitalini, kama vile Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ukamweleze daktari umeitumia kwa muda gani. Usione haya: lebo nyingi hazitaji zebaki kabisa, na nyingine huiita kalomeli.

Omba kupimwa zebaki katika mkojo, pamoja na utendaji wa figo. Tiba ya kwanza ni kuacha krimu yenyewe. Hali ikihitaji, daktari hutoa dawa kama DMSA, ambayo huishika zebaki mwilini na kuitoa kupitia mkojo. Dawa hiyo usijinunulie, kwani huhitaji usimamizi wa karibu.

Watoto nao wapimwe, hata kama hawakupakwa, kwa sababu mtoto anayelala kifuani mwa mama, au kujifutia taulo lake, anaweza kupata sumu hiyo hiyo.