Umebadilisha rimu na tairi, sasa gari halitulii mwendo kasi: anzia hapa

Gari likibadilishiwa magurudumu kisha likaanza kusumbua kwenye kilomita 100 kwa saa, lawama ya kwanza huenda kwenye usukani. Napokea magari ambayo wenyewe wameshafunga tairodi mpya, boljointi mpya, wengine hata beringi, na tabia iko palepale. Kazi yangu ni kufunga tairi na kupiga balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, kwa hiyo labda navutia kwangu, lakini swali langu ni lilelile kila siku: kabla ya kubadilisha, gari lilikuwa limetulia? Kama lilikuwa limetulia, acha kwanza kuingia uvunguni. Kagua kilichobadilika.

Halafu useme vizuri linafanyaje. Kuna kutetemeka, kuna kuvuta upande mmoja, na kuna kutangatanga, yaani gari halishiki mstari wake mpaka ulirudishe kila mara. Mtu akiniambia tu "linayumba" namrudisha barabarani aniletee jibu lililokamilika.

Mtetemo unaoanza kwenye 80 hivi na kukolea karibu na 100 mara nyingi ni balansi. Ukiusikia mikononi, anza na magurudumu ya mbele. Ukiusikia zaidi kwenye kiti, anza na ya nyuma. Na usidharau gramu chache. Tairi ya 205/55R16 (upana milimita 205, kimo cha ubavu asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 16) ina kipenyo cha milimita 632 hivi, na gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa inazunguka mara 14 kila sekunde. Gramu 20 zikizidi upande mmoja wa ukingo wa rimu, kwa mwendo huo zinalivuta gurudumu kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 3, na mvuto huo unazunguka nalo mara hizohizo 14. Kwenye kilomita 50 nguvu hiyo inashuka hadi robo, ndiyo maana ukiwa mitaani husikii kitu.

Sasa ikiwa balansi imepigwa, mashine inasoma sifuri, na gari bado linatetemeka, usiende kupiga tena. Ling'oe gurudumu utazame tundu la katikati la rimu. Rimu nyingi zisizo za kiwandani hutobolewa milimita 73.1 ili zikubali magari mengi, wakati habu ya gari lako, yaani kitovu ambacho rimu hukalia, pengine ni 60.1 au 57.1. Mwanya huo ukiachwa wazi, kazi ya kuiweka rimu katikati inabaki kwa nati peke yake, na ikikaa pembeni kidogo tu gurudumu linazunguka kama yai. Mashine ya balansi haiwezi kuliona hilo, kwa kuwa yenyewe huishika rimu kwa koni na kuiweka katikati barabara. Dawa yake ni pete ya plastiki au ya aluminiamu: nje 73.1, ndani saizi ya habu yako. Wauzaji wa rimu huisahau sana pete hii, sijui kwa nini.

Ukiwa hapohapo, geuza nati uangalie inapokalia. Zipo za koni, zipo za mviringo, zipo za bapa zenye washa, na iliyofaa rimu ya zamani si lazima iifae mpya. Mpangilio wa matundu nao haubahatishwi: rimu ya 5x112 (matundu matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 112) kwenye gari la 5x114.3 inakosea milimita 2.3 tu, na wapo wanaoilazimisha ikaingia. Mimi siifungi, hata nikibembelezwa. Nati zikazwe kwa kurukia upande wa pili badala ya kufuatana, na zimaliziwe na spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Magari madogo mengi huangukia kati ya Nm 100 na 120. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikague tena.

Kuvuta upande kunapimika bila gharama. Sawazisha upepo tairi zikiwa zimepoa, kisha hamisha magurudumu mawili ya mbele, la kushoto liende kulia. Gari likianza kuvuta upande mwingine, tatizo ni tairi, hata kama ni mpya. Likiendelea kuvuta kulekule, nenda kapime alaimenti, yaani pembe na mwelekeo wa magurudumu. Tairi zenye mshale wa mwelekeo hazihamishwi hivi bila kutolewa kwenye rimu.

Kutangatanga ndiko kunakochosha, kwa sababu hakuna kilichovunjika. Anza na upepo. Kama saizi ya tairi haikubadilika, fuata kibandiko cha mlangoni. Namba ya upepo iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, si agizo. Tairi mpya nazo huwa na meno marefu yanayoinama kidogo, zipe kilomita mia chache kabla ya kuzihukumu. Soma pia maandishi ya ubavuni: 91V maana yake kila tairi inabeba kilo 615 na inastahimili hadi kilomita 240 kwa saa. H ni 210, T ni 190. Usishuke chini ya kile gari lilichokuja nacho.

Ukipanda kutoka 205 hadi 225 yenye ubavu mfupi, gari litaanza kufuata mifereji iliyochimbwa na malori. Hiyo ni hulka ya tairi pana, haitibiwi kwa alaimenti. Na siku ya mvua tairi pana huelea juu ya maji mapema zaidi.

Kisha kuna ofseti, umbali wa milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso wake unaokalia habu; ni namba inayoanza na ET nyuma ya rimu. Ukitoka ET45 kwenda ET35, upana wa rimu ukiwa uleule, kila gurudumu linatoka nje milimita 10. Wapenda mwonekano huniambia gari likitanua miguu linatulia. Kwenye kona wana ukweli kidogo. Kwenye barabara iliyonyooka, mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia sasa unagusa ardhi mbali zaidi na katikati ya tairi, basi kila shimo, dimbwi na mchanga wa ukingoni unapata nguvu ya kukupokonya usukani. Spesa, zile sahani zinazowekwa kati ya habu na rimu, zinafanya yaleyale. Upana wa rimu nao uhesabu: kutoka inchi 6.5 hadi 8, ET ikibaki ileile, ukingo unasogea milimita 19 nje na 19 ndani, kuelekea shokapu.

Kabla ya kununua saizi nyingine piga hesabu ya kipenyo. 225/45R17 ni milimita 634, inakaribiana kabisa na 205/55R16. Lakini 225/55R16 ni 654: pale spidomita iliposoma 100, mwendo umeongezeka kwa kilomita 3.5, na mwili wa gari umeinuka sentimita moja.

Alaimenti ipimwe mwishoni, magurudumu mapya yakiwa yamefungwa. Ya mbele yakiwa yametazama nje, gari huwa na wasiwasi, na tairi zilizolika huenda zilikuwa zinakuficha hilo.

Ukibadilisha tairi mbili tu, zilizo mpya zikae nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Mbele ikiteleza, ukipunguza mwendo usukani huanza kushika tena. Nyuma ikiteleza kwenye barabara iliyolowa, gari linageuka lenyewe, na madereva wengi hawana muda wa kulirudisha.