SOMO: Kusimamisha na kurudisha lisina za HAProxy bila kuzima seva

Tuchukue seva moja ya Ubuntu ofisini Dodoma. HAProxy, programu inayopokea maombi ya wateja na kuyapeleka kwa programu zilizo nyuma yake, inasikiliza poti 443 kwa ajili ya matawi ya Kondoa, Mpwapwa na Manyoni, na frontendi yenyewe (sehemu ya HAProxy inayopokea wateja) inaitwa mapokezi. Unataka kuisimamisha dakika kumi, huku frontendi nyingine za seva hiyohiyo zikiendelea na kazi.

Lisina (listener) ni ile soketi, yaani mlango wa mawasiliano, iliyoshika poti. Kazini utakutana nayo ikiwa tayari, ikiwa imejaa (maxconn yake, yaani kikomo cha miunganisho, imefika), ikiwa imebanwa na kikomo cha jumla au cha kasi, au ikiwa imesimamishwa. Kabla hujagusa chochote, jua iko wapi kati ya hizo.

Hatua ya 1. Kwenye sehemu ya global ya /etc/haproxy/haproxy.cfg uwepo mstari huu:

stats socket /run/haproxy/admin.sock mode 660 level admin

Bila "level admin" utasoma takwimu, lakini amri ya kubadilisha itajibiwa "Permission denied". Ongeza pia "option socket-stats" ndani ya mapokezi, ili kila lisina ipate mstari wake badala ya zote kuhesabiwa kwa pamoja.

Hatua ya 2. Angalia hali:

echo "show stat" | sudo socat stdio /run/haproxy/admin.sock | cut -d, -f1,2,5,7,18

Safu ya tatu ya jibu ni miunganisho iliyopo sasa, ya nne ni kikomo, ya mwisho ni hali. Kwenye mistari ya lisina, OPEN ni salama, FULL imejaa, WAITING imebanwa.

Hatua ya 3. Simamisha:

echo "disable frontend mapokezi" | sudo socat stdio /run/haproxy/admin.sock

Hakikisha kwa "sudo ss -ltn": poti 443 isiwepo tena. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Amri hii inazuia wageni wapya tu. Aliyekwisha kuingia anabaki ndani, na kivinjari chenye keep-alive (kinachoacha muunganisho wazi baada ya ombi) kinaweza kuendelea kutuma maombi kupitia muunganisho uleule. Kwa hiyo rudia hatua ya 2 mpaka namba ya miunganisho ishuke, ndipo uanze matengenezo. Na waliokuwa kwenye foleni ya keneli (kiini cha Linux), ambao HAProxy ilikuwa haijawapokea, hukatwa papo hapo. Fanya saa 5 usiku, si saa 4 asubuhi.

Hatua ya 4. Rudisha kwa "enable frontend mapokezi", kisha ss tena.

Kama shida ni programu ya nyuma tu, usifunge poti hata kidogo. Weka "http-request return status 503" yenye ujumbe wa matengenezo. Karani wa Manyoni akiona "connection refused" atachomoa nyaya za ruta.

MASWALI

Kondoa: Kwetu hawakataliwi, ukurasa unazunguka tu. Lisina imezimwa?

Hapana, hiyo ni dalili ya kujaa. Iliyosimamishwa hukataa mara moja. Iliyojaa huacha wageni kwenye foleni ya keneli. Jaribu "set maxconn frontend mapokezi 3000", ila maxconn ya global isiwe chini ya hapo, vinginevyo umehamisha kizuizi tu. Foleni yenyewe ina ukomo wa net.core.somaxconn: 4096 kuanzia Linux 5.4, na 128 kwenye keneli za zamani. Amri ya set maxconn haiandiki kwenye faili, usiporekebisha haproxy.cfg, seva ikiwaka upya baada ya umeme kukatika thamani ya zamani inarudi.

Singida: Niliandika "shutdown frontend" badala ya "disable". Sasa enable haifanyi kazi.

Haitafanya. Shutdown inaifuta frontendi kwenye prosesi hiyo, hata kwenye takwimu haionekani. Pima faili kwa "sudo haproxy -c -f /etc/haproxy/haproxy.cfg", likipita, "sudo systemctl reload haproxy". Prosesi mpya itaifungua poti upya. Kumbuka reload hiyohiyo itafungua na frontendi nyingine yoyote uliyokuwa umeisimamisha kwa disable.

Mpwapwa: Enable inajibu kuna "port conflict".

Poti ilipoachwa, programu nyingine imeikalia. "sudo ss -ltnp | grep ':443 '" itakutajia jina lake na PID (namba ya prosesi). Mara nyingi ni Nginx au Apache iliyowekwa pembeni na kusahaulika ikiwa imewashwa. Izime hiyo, rudia enable.

Kongwa: Baada ya reload naona prosesi mbili za zamani, siku ya tatu sasa.

Zinasubiri wateja wao wamalize. WebSocket (muunganisho unaobaki wazi muda mrefu) moja isiyofungwa inatosha kuishikilia prosesi hivyo, nayo inakula RAM muda wote huo. Weka "hard-stop-after 5m" kwenye global. Lakini prosesi zilizopo sasa zilisoma faili la zamani, hazitaiona. Hizo zimalize kwa "kill -TERM" na PID yake, ukijua waliomo watakatika.