C moja kwenye transkripti: la kufanya kabla hujatuma maombi ya chuo Marekani

Matokeo ya mwisho wa darasa la 11 (mwaka wa tatu kati ya minne ya sekondari kwa mfumo wa Marekani, unaoanza darasa la 9 na kuishia la 12) yalipotoka, msichana mmoja ninayemsaidia kuandaa maombi ya chuo alinipigia simu saa nne usiku. "Dada, nimekwisha." Nikamuuliza amekwishaje. "Kemia. Nimepata C." Nikamwambia atafute kalamu na karatasi, maana hofu ya alama moja huanza kupungua pale unapoipigia hesabu. Wengi tunalia kwanza, hesabu baadaye.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kwa kipimo cha kawaida cha Marekani A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Yeye alisoma masomo 6 kwa mwaka, kwa hiyo miaka mitatu ni alama 18: A 17 na hiyo C yake. 17 mara 4 ni 68, ongeza 2 upate 70, gawanya kwa 18. Jibu ni 3.89, ndio wastani wake (GPA). Kumbe huko "kukwisha" kwake kulikuwa ni kupungukiwa pointi 0.11. Ingekuwa D, angebaki na 3.83. Fanya hivyo na wewe, kwa alama zako halisi na si zile ulizokuwa ukizitamani. Kama transkripti yako, yaani rekodi rasmi ya masomo na alama zako zote za sekondari, inaandika alama kwa muhula badala ya mwaka, C moja inazidi kumezwa, kwa sababu ni moja kati ya 36.

Kisha hakikisha alama yenyewe ni sahihi. Usicheke. Mwaka fulani nilikuta sifuri kwenye kazi ya maabara niliyoiwasilisha kwa mkono wangu. Mwalimu alikuwa ameruka mstari wakati wa kuingiza alama. Mwandikie mwalimu ujumbe wa heshima ukiomba kujua alama imetokana na nini. Kuomba kujua ni tofauti na kuomba kuongezewa, na walimu wanaisikia tofauti hiyo tangu sentensi ya kwanza. Ukiambiwa ni halali, shukuru uondoke. Mwalimu unayembembeleza leo huenda ndiye utakayemwendea kesho akuandikie barua ya pendekezo.

Sasa itazame mahali ilipokaa. Ofisa udahili hasomi wastani peke yake. Anasoma transkripti nzima: ulichukua masomo gani, yalikuwa magumu kiasi gani kwa shule yako, na baada ya kujikwaa ulifanya nini. C ya darasa la 9 ikifuatwa na B, halafu A, ni habari ya mtu aliyepanda. C ya muhula wa kwanza wa darasa la 12 ndiyo inayonikunjisha uso, sitakudanganya, kwa sababu hakuna alama ya baada yake ya kuisahihisha, na vyuo vingi huomba ripoti ya katikati ya mwaka. Vilevile C ya hesabu kwa anayeomba uhandisi ina uzito kuliko C ya historia kwa huyohuyo.

Vyuo vingine vina kanuni zao, na hapo acha kukisia, soma kanuni. University of California, mfumo wa vyuo vikuu vya umma vya jimbo la California, kwa mfano, hupiga wastani wake kwa masomo ya baada ya darasa la 9 hadi kiangazi cha baada ya darasa la 11, na haihesabu alama za kujumlisha na kutoa: B+ na B- zote ni B. Kwa hiyo C ya darasa la 9 haiingii kwenye wastani wao. Lakini D hawaikubali kuwa umetimiza somo la lazima, hata kama shule yako imekupitisha. Ukiwa nayo, rudia somo upate C au zaidi. Usiiache ikae hapo ukitumaini hawataiona.

Tuje kwenye swali linalowakosesha watu usingizi: nieleze au nisieleze?

Mimi nilikuwa na C ya fizikia. Nikaandika aya ya maneno 412 kuielezea. Nilitaja hali ya hewa. Nilimpelekea mwalimu wangu wa lugha aisome, akaisoma akiwa amesimama, akanirudishia akasema, "Transkripti yako nilikuwa nimeshaipitia mara mbili. Ile C sikuiona mpaka uliponishika mkono ukanipeleka." Nikafuta yote. Ukweli ni kwamba sikuwa na sababu yoyote. Nilibeba masomo mengi kuliko kifua changu, moja likaanguka. Jambo kama hilo halihitaji maelezo. Linahitaji alama nzuri zaidi muhula unaofuata.

Eleza pale tu palipokuwa na jambo la nje ambalo transkripti haiwezi kulionyesha: ugonjwa, msiba, kuhama shule katikati ya muhula, kazi ya kulea wadogo. Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, ina sehemu ya maelezo ya ziada, na kuanzia msimu wa 2025–26 waliipunguza kutoka maneno 650 hadi 300. Usiyamalize hata hayo 300. Insha kuu usiiguse kwa ajili hii; ile ni nafasi yako ya kujulikana, usiipangishe kwa kemia.

Huyu wangu wa saa nne usiku yeye alikuwa na sababu. Rasimu yake ya kwanza ilianza hivi: "Muhula ule ulikuwa mgumu mno kwangu, nilijitahidi kwa moyo wangu wote, lakini mwalimu alikuwa akifundisha haraka na mitihani yake haikuwa ya haki." Msomaji hapo ameshajua mambo mawili: unalia, na unamlaumu mwalimu. Tukakaa nayo jioni nzima. Iliyotoka ni hii:

"Machi na Aprili za darasa la 11 mama alilazwa hospitali, nami nikawa nawapeleka wadogo zangu wawili shule na kuwapokea. Nilikosa vipindi vitano vya maabara ya kemia. Mama alirudi nyumbani mwezi Mei. Muhula huu nimechukua kemia ya ngazi ya juu, na hadi sasa nina A."

Sentensi nne. Lini, nini, kimeisha, ushahidi. Hakuna "naomba mnielewe" na hakuna neno "bahati mbaya". Alitaka kuongeza sentensi ya tano kuhusu alivyojifunza uvumilivu, nikakataa kabisa. Wadogo wawili na vipindi vitano vimeshasema.

Bora zaidi ni jambo hilo lisemwe na mtu mwingine. Mshauri wa shule huandika barua yake, na sentensi moja kutoka kwake ina nguvu kuliko aya yako. Mwendee mapema, kabla hajaanza kuandika, umweleze kwa ufupi kilichotokea. Akikubali kulitaja, lako lifupishe zaidi au liondoe.

Kuficha, hapana. Panapokutaka ujaze alama mwenyewe, jaza C. Chuo kitakachokupokea kitadai transkripti ya mwisho moja kwa moja kutoka shuleni, na zisipolingana nafasi inaweza kufutwa. C haifuti mtu, uongo unafuta.

Orodha ya vyuo usiibomoe. Linganisha wastani wako mpya, ule wa kwenye karatasi, na wa wanafunzi ambao kila chuo hupokea. Pengine chuo kimoja kitashuka ngazi kutoka "natarajia" hadi "najaribu", basi. Nimewaona watoto wakifuta vyuo sita kwa sababu ya alama moja, halafu Aprili wanajuta.

Ile aya yangu ya maneno 412 ninayo bado. Huwa nawasomea wakibisha, na wakifika kwenye hali ya hewa wanaacha kubisha.