Somo: Kupunguza gesi joto nyumbani, anza na vifaa vya joto na baridi

Ndugu wanachama, tukiambiwa tupunguze gesi joto, yaani gesi zinazopasha dunia kama kaboni dioksidi, wengi tunakimbilia kuchomoa chaja ya simu. Si vibaya, ila mzigo haupo hapo. Umeme mwingi duniani bado unatokana na kuchoma makaa ya mawe na gesi, na nyumbani wanaoumaliza ni vifaa vinavyopasha joto au kupoza.

1. Soma mita ukienda kulala, isome tena asubuhi kabla hujawasha chochote. Uniti zilizoliwa usiku ni za friji na vitu vilivyoachwa kwenye plagi. Hatua hii usiiruke, utabaki kukisia.

2. Maji. Kuchemsha lita 1 kunakula takribani uniti 0.1. Ukijaza birika zima ukanywa kikombe kimoja, nyingi zimepotea bure. Pima kwa kikombe chako. Sufuria ifunike, na ikianza kuchemka punguza moto: maji yanayotokota kwa fujo hayana joto kuliko yanayochemka taratibu, yanaisha tu kwa mvuke. Vyakula vigumu vipikie kwenye sufuria ya presha; ndani hufika karibu nyuzi 120, vinaiva upesi.

3. Friji. Bana karatasi mlangoni, funga, kisha ivute. Ikichomoka kilaini, mpira umelegea na baridi inavuja. Badilisha mpira kwanza, friji baadaye.

4. Taa ya LED ya wati 9 inatosha mahali pa balbu ya zamani ya wati 60.

5. Sola ije mwisho. Matumizi yakishapungua, hata paneli na betri utahitaji chache.

MASWALI

Mkuu, friji yangu imekufa, niitupe?
Usiitupe hivyo hivyo, na asiikate mtu mabomba. Kama ndani kuna R-134a, gesi ya kupozea, kilo 1 ikivuja inapasha dunia kuliko tani 1 ya kaboni dioksidi. Fundi aivute gesi kwenye mtungi kwanza. Ukinunua nyingine, tafuta kibandiko cha R-600a, gesi nyingine ya kupozea; madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo mno. Inashika moto lakini, kwa hiyo matengenezo mwachie fundi anayeijua.

Mwalimu, mkaa si miti tu, na miti inaota tena?
Inaota ikipandwa au ikiachwa. Lakini kwenye tanuri la udongo zaidi ya nusu ya nishati ya kuni hupotea kabla mkaa haujafika jikoni, na moshi wake una methani, ambayo nayo ni gesi joto. Hiyo hata mti ukiota haufuti.

Hita ya maji ya kuoga niiache imewaka?
Hapana dada, washa ukikaribia kuoga. Tangi la moto linapoteza joto muda wote, hata nyumbani kukiwa hakuna mtu.