Kutoona karibu: kipimo kwanza, miwani baadaye

Fundi cherehani wa Mbuyuni, Moshi, anayesogeza sindano mbali ndipo apitishe uzi anaweza kuwa na moja ya kasoro mbili. Baada ya miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa kwa kila mtu. Wengine wamezaliwa na jicho fupi, hivyo miale ya mwanga hufika kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, kabla haijakutana. Ufupi wa milimita 1 tu hudai lenzi ya kujumlisha (+) yenye namba, yaani nguvu, ya takriban +3.00.

Jipime hivi: soma gazeti kwa umbali wa sentimita 40, penye mwanga, ukiziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, kisha jingine. Macho yakitofautiana, miwani ya mezani sokoni haikufai, maana lenzi zake zote mbili zina namba moja. Yakilingana na mbali unaona vizuri, anza na +1.00, upande kwa +0.50, uishie kwenye namba ndogo kabisa inayosomeka. Ukizidisha, utalazimika kuleta karatasi puani.

Mtoto mwenye jicho fupi ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi wanakosea. Misuli ya jicho lake ina nguvu ya kuvimbisha lenzi, kwa hiyo anasoma chati ya ukutani hadi mstari wa 6/6, ule wa uoni wa kawaida, huku kichwa kikimuuma kila jioni. Lazima apimwe baada ya matone ya kulegeza misuli hiyo. Idara ya macho ya KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, ni mahali pa kumpeleka. Mletee kofia, mwanga utamuumiza baada ya matone. Jicho likivutwa kuelekea puani, usisubiri akue: jicho hilo huzoea kutotumika, na kulirudisha huwa kugumu kadiri umri unavyosogea. Miwani avae kutwa, si darasani tu.

Kwenye cheti, OD ni jicho la kulia, OS la kushoto. Hakikisha umbali kati ya mboni umeandikwa kwa milimita, la sivyo lenzi nzito itakupa kizunguzungu. Ukipokea miwani, ishike juu ya maandishi uisogeze kulia: herufi zikue na zielekee kushoto. Zikipungua, umepewa lenzi za kutoa (−).

Mwenye kisukari atulize sukari kwanza, kwani namba hubadilika nayo.

Jicho fupi huwa pia na mfereji mwembamba wa kutolea maji ya ndani ya jicho, unaoweza kuziba. Likiuma ghafla, likawa jekundu na taa zikazungukwa na duara za rangi, nenda hospitali usiku huohuo.