Namna ya Kusafisha na Kusikiliza Tena Santuri ya Utotoni

Santuri iliyokaa kabatini miaka mingi mara nyingi huharibiwa na pupa ya mwenyewe siku anapoitoa. Mfano wangu ni «A Night at the Opera» ya kundi la Queen, iliyotoka Uingereza Novemba 1975. Marehemu baba aliipiga sebuleni kila Jumapili, na hakuchoka kutukumbusha kwamba mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara.

Kabla ya kuigusa, andika unayoyakumbuka: nani alikaa wapi, chumba kilinukia nini, wimbo gani ulikutisha. Muziki ukishaanza, kumbukumbu ya zamani itachanganyika na hisia za leo, na kuzitenganisha ni kazi ngumu.

Kisha ishike kwa ukingo na karatasi ya katikati tu. Ipanguse vumbi kwa brashi laini, halafu lowesha kidogo kitambaa kisichoacha nyuzi kwa maji yaliyokenekwa yenye tone la sabuni ya vyombo, ufute kwa kuzunguka ukifuata mifereji, bila kukatiza juu yake na bila kulowesha karatasi ya katikati. Maji ya bomba huacha chumvichumvi, na ukungu wa pwani hujificha humo humo mifereji, kwa hiyo rudia kwa maji yaliyokenekwa matupu, yasiyo na sabuni. Iache ikauke ikiwa imesimama kivulini, kwani jua huipinda. Usitumie spiriti kwenye zile santuri nzito za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, maana nyingi zimetengenezwa kwa sandarusi ya wadudu, nayo huyeyuka.

Sindano ya gramafoni nayo isafishwe kwa brashi ndogo, kutoka nyuma kuja mbele. Ikiwa imechakaa, nunua mpya, kwa sababu sindano mbovu huchimba mifereji isiyoweza kurudishwa.

Unapoipiga, weka mwendo wa mizunguko 33⅓ kwa dakika na usikilize upande mzima. Wengi hukimbilia «Bohemian Rhapsody», karibu na mwisho wa upande wa pili, ilhali kwa mtoto dakika zake sita kasoro zilikuwa na uzito kwa sababu zilingojewa.

Mikwaruzo usihangaike nayo. Dada yangu aliwahi kuburuza sindano juu ya «Love of My Life», na tangu siku hiyo mkwaruzo hugonga kila baada ya sekunde 1.8, yaani kila mzunguko mmoja, chini ya kinubi cha Brian May, mpiga gitaa wa Queen. Nilipoisikia nakala nyingine ukubwani, isiyo na mkwaruzo huo, niliuona wimbo kama umepungukiwa. Basi unapofika hapo, acha sindano ipite yenyewe, na uandike chini ya orodha yako ya kwanza jina la kila aliyekuwa sebuleni siku ile.